Cornwall, Penye Mwisho wa Reli

Garimoshi linaloondoka kituo cha Paddington, London, kwenda kusini-magharibi husafiri kama saa tano hadi kufika Penzance, na hapo reli huishia. Kabla ya hapo huvuka mto Tamar juu ya daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1859, kazi ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Mashariki ya mto ni kaunti ya Devon. Magharibi yake ni Cornwall, na huko wapo watu wengi ambao ukiwaita Waingereza watakusahihisha kwa upole: wao ni Wakorni.

Mpaka huo ni wa zamani. Mfalme Athelstan aliuweka mtoni hapo mwaka 936, na haujahama sana tangu siku hizo. Tamar huchimbuka kilomita chache tu kutoka pwani ya kaskazini, ukatiririka hadi bahari ya kusini, hivyo Cornwall ilikosa kidogo tu kuwa kisiwa. Sensa ya 2021 ilihesabu huko wakazi wapatao 570,000, na mji wenye hadhi ya jiji ni mmoja tu, Truro. Magazeti ya London huiandika Cornwall kama mahali pa kuogelea na kula samaki wakati wa kiangazi. Ukiifuata historia yake unaona kaunti ya namna nyingine kabisa, iliyotoa mali kutoka ardhini kwa miaka elfu nne, ikaisafirisha, na mali ilipopungua bei ikawasafirisha watoto wake.

Mali yenyewe kwanza ilikuwa bati. Chini ya Cornwall umelala mwamba wa graniti, na maji ya moto yaliyopenya nyufa zake zama za kale yaliacha humo bati, shaba na madini mengine. Shaba peke yake ni laini. Ukiitia bati kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, unapata metali ngumu inayofaa shoka, upanga na kengele. Shaba ilipatikana sehemu nyingi za Ulaya, bati lilikuwa adimu, kwa hiyo watu walilifuata hata mwisho wa nchi. Diodorus wa Sicily, aliyeandika katika karne ya 1 KK, anasimulia jinsi wenyeji wa ncha hiyo walivyoliyeyusha bati na kulipeleka kwa mikokoteni kwenye kisiwa ambacho maji yakipwa kinafikika kwa miguu, na wafanyabiashara wakalichukua hapo kuelekea bahari ya Mediterania. Wataalamu wengi hukitaja kisiwa cha St Michael's Mount, ambacho hadi leo hufikiwa kwa njia ya mawe maji yakitoka na kwa mashua yakijaa.

Mwaka 1201 Mfalme John aliwapa wachimbaji wa bati hati ya haki zao. Walikuwa na mahakama zao wenyewe, baadaye hata bunge lao, na waliruhusiwa kutafuta bati hata kwenye ardhi wasiyoimiliki. Haki hiyo ilikuwa na bei yake. Kila tofali la bati lilipelekwa kwenye mji maalumu kama Helston, Liskeard au Lostwithiel, likakatwa pembe moja ili lipimwe ubora, na kodi ikalipwa kabla halijauzwa. Tangu mwaka 1337 kodi hiyo ilikwenda kwa Mtawala wa Cornwall, cheo cha mtoto wa kiume wa kwanza wa mfalme. Kodi ilifutwa mwaka 1838, cheo kingali kipo: tangu Septemba 2022 anacho Mwanamfalme William.

Watu waliozoea kuwa na mahakama zao hawakukubali kuamriwa kirahisi. Mwaka 1497 Mfalme Henry VII aliwatoza kodi ya vita dhidi ya Scotland, nchi iliyo mwisho mwingine kabisa wa kisiwa. Mhunzi wa kijiji cha St Keverne, Michael Joseph, aliyejulikana kama An Gof, na mwanasheria wa Bodmin, Thomas Flamank, wakaongoza maelfu ya watu kwa miguu hadi viunga vya London. Walishindwa tarehe 17 Juni, na siku kumi baadaye viongozi hao wawili wakanyongwa. Mwaka 1997 sanamu yao ilisimamishwa St Keverne, na wapo waliotembea safari ile yote tena kwa kumbukumbu.

Uasi mwingine, wa 1549, ulikuwa wa lugha na wa dini kwa pamoja. Serikali iliagiza ibada zote zisomwe kwa Kiingereza badala ya Kilatini. Wakorni wakaandika madai yao wakieleza kwamba baadhi yao hawaelewi Kiingereza kabisa. Lugha yao, Kikorni, ni ndugu wa Kiwelishi na wa Kibretoni cha Ufaransa. Waliouzingira mji wa Exeter walishindwa na maelfu wakauawa. Kitabu cha ibada hakikupata kutafsiriwa kwa Kikorni. Kwa maoni yangu hili ndilo pigo lililoimaliza lugha hiyo kuliko upanga wowote, maana Biblia nzima ilitafsiriwa kwa Kiwelishi mwaka 1588, nacho kikaishi.

Kikorni kilirudi nyuma kijiji kwa kijiji kuelekea magharibi. Mwaka 1776 mvuvi William Bodinar wa Mousehole aliandika barua fupi kwa Kikorni akisema kwamba kijijini kwao wamebaki watu wanne au watano tu wanaokizungumza, wote wazee wa miaka 80. Mmoja wao alikuwa Dolly Pentreath, muuza samaki, aliyefariki Desemba 1777 na ambaye hutajwa mara nyingi kuwa mzungumzaji wa mwisho aliyekulia lugha hiyo. Bodinar mwenyewe aliishi hadi 1789. Kisha kukawa kimya kwa zaidi ya karne, mpaka mwaka 1904 Henry Jenner alipochapisha kitabu cha kufundishia Kikorni. Wachache wakajifunza, wakawafundisha watoto. Serikali ya Uingereza ilikitambua rasmi mwaka 2002, na mwaka 2010 UNESCO ikaacha kukiorodhesha miongoni mwa lugha zilizokufa. Leo ukiingia mji wa Cornwall utakuta kibao cha barabarani kwa lugha mbili. Majina ya ukoo hayakuwahi kupotea hata kidogo: mtu anayeitwa Trevithick, Polglase au Penrose anabeba Kikorni kinywani mwa kila anayemwita.

Jina hilo la Trevithick linatupeleka chini ya ardhi. Katika karne ya 18 bati la juu lilikuwa limekwisha, na wachimbaji waliofuata mkanda wa madini kwenda chini walikutana na adui ambaye kila mchimbaji wa Geita au Mirerani anamfahamu, yaani maji. Injini ya mvuke ya Thomas Newcomen, fundi wa Devon jirani, iliweza kuyavuta, lakini ilikula makaa kupita kiasi, na Cornwall haina makaa ya mawe. Yaliletwa kwa meli kutoka Wales ya kusini. Meli hizo hizo zilirudi zimejaa mawe ya shaba, kwa sababu kuyeyusha shaba kulihitaji makaa mengi kuliko mawe yenyewe, na ilikuwa nafuu kuyapeleka mawe yaliko makaa. Ndiyo maana faida ya kuyeyusha shaba ya Cornwall ilibaki Swansea.

James Watt alipoleta injini isiyokula makaa mengi, yeye na mshirika wake Matthew Boulton walidai theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Wenye migodi walilipa kwa manung'uniko, wakaenda mahakamani, wakashindwa, na wakasubiri hataza iishe mwaka 1800. Kilichofuata kinastahili kujulikana zaidi kuliko kinavyojulikana. Kuanzia 1811 mafundi wa Cornwall walichapisha kila mwezi taarifa ya kila injini: ukubwa wake, fundi aliyeijenga, na kiasi cha maji ilichopandisha kwa kila kipimo cha makaa. Hakuna aliyeficha ufundi wake. Aliyeona mwenzake amempita alikwenda kutazama, akaiga, akaongeza lake. Ndani ya miaka 30 uwezo wa injini zao ulikuwa umepanda mara kadhaa, na injini ya aina hiyo, iliyobeba jina la kaunti, ikauzwa nchi nyingi.

Richard Trevithick, aliyezaliwa 1771 katika eneo hilo la migodi, alikuwa shujaa wao. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1801 alipanda kilima cha Camborne kwa gari linaloendeshwa na mvuke wenye shinikizo kubwa, watu wakiwa wamening'inia juu yake. Mwaka 1804, huko Wales, garimoshi lake lilivuta tani kumi za chuma juu ya reli, miaka 25 kabla ya garimoshi maarufu la Stephenson. Baadaye alikwenda Peru kufunga injini kwenye migodi ya fedha, akarudi mikono mitupu, na mwaka 1833 akafariki bila senti katika mji wa Dartford.

Mashine hizo ziliwafikisha watu mbali sana. Katika mgodi wa Levant, ukingoni mwa Atlantiki, njia za chini zilikwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka pwani, chini ya sakafu ya bahari, na siku za dhoruba wachimbaji walisikia mawe makubwa yakiviringika juu ya vichwa vyao. Wanawake na wasichana walibaki juu wakipasua mawe kwa nyundo, wamevaa kofia za kitambaa kujikinga na vipande vinavyoruka. Wanaume wa chini wengi hawakuwa na mshahara. Kikundi kilitazama eneo la mwamba, kikashindana kwa mnada na vikundi vingine, kikakubali kuchimba kwa sehemu fulani ya thamani ya mawe kitakayoyatoa. Mwamba ukiwa mkarimu, familia ilikula. Ukinyima, mtu alitoka na deni la mishumaa na baruti.

Hatari nyingine zilipunguzwa hapo hapo Cornwall. William Bickford aliyeishi Tuckingmill alivumbua mwaka 1831 utambi salama wa baruti, na mikono na macho ya wachimbaji wengi duniani vilinusurika kwa ajili yake. Kazi ya kupanda ngazi mamia ya mita baada ya zamu iliua kwa mapafu na moyo, kwa hiyo migodi ikafunga nguzo ndefu zenye vikanyagio zilizopanda na kushuka kwa mvuke, mtu akiruka kutoka kikanyagio hadi jukwaa. Levant ilikuwa na nguzo hiyo. Mchana wa tarehe 20 Oktoba 1919, zamu ikipanda, kiungo cha juu kilikatika na nguzo ikaporomoka pamoja na watu. Walikufa wanaume na wavulana 31.

Wakati huo shaba ilikuwa imekwisha kuanguka zamani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Cornwall ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa shaba duniani. Kisha machimbo mapya yakagunduliwa Chile, Australia na Michigan, na mwaka 1866 bei ilipoporomoka migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Wachimbaji wakafunga mizigo. Inakadiriwa kwamba kati ya 1815 na 1915 waliohama ni robo milioni hadi nusu milioni, kutoka kaunti ambayo watu wake hawakufika hata laki nne. Wakaenda Moonta huko Australia, Grass Valley huko California, Kimberley na Witwatersrand huko Afrika Kusini. Mjini Real del Monte, Mexico, bado huuzwa mkate wa nyama uliokunjwa ukingoni, mtoto wa chakula cha wachimbaji wa Cornwall. Nyumba nyingi za Camborne na Redruth ziliishi kwa fedha zilizotumwa kutoka dhahabu ya Transvaal, na wengi waliorudi kutoka huko walirudi na vumbi la mwamba vifuani.

Afrika ya kusini iliwapokea Wakorni wa namna nyingine pia. John William Colenso wa St Austell, askofu wa Natal, alijifunza Kizulu na kutafsiri Maandiko kwa lugha hiyo, kisha akawatetea Wazulu hadharani mbele ya serikali ya nchi yake hata akatengwa na wakoloni wenzake. Emily Hobhouse, binti wa mchungaji wa kijiji cha St Ive, alitembelea mwaka 1901 kambi ambamo jeshi la Uingereza liliwafungia wanawake na watoto wa Makaburu, akaeleza Uingereza nzima alichokiona humo. Majivu yake yamezikwa Bloemfontein.

Lakini Mwafrika mmoja alikuwa amekwisha kufika Cornwall kabla ya safari zao, na kwangu hakuna hadithi ya kaunti hii inayogusa kuliko yake. Joseph Emidy alizaliwa Guinea karibu mwaka 1775. Alitekwa akiwa mtoto, wafanyabiashara wa utumwa wa Kireno wakampeleka Brazil, kisha Lisbon, ambako alijifunza fidla hadi akapata nafasi katika okestra ya opera. Mwaka 1795 Edward Pellew, nahodha wa manowari ya Uingereza, alimsikia akipiga, akataka mpiga fidla wa kuwachezesha mabaharia. Askari wake wakamvizia Emidy akitoka ukumbini, wakamchukua pamoja na fidla yake. Mtu aliyepiga kazi za watunzi wakubwa akafungiwa melini miaka minne kupiga ngoma za mabaharia, bila kuruhusiwa kukanyaga nchi kavu asije akatoroka. Mwaka 1799 akashushwa Falmouth.

Falmouth ilikuwa bandari ya habari. Bandari hii yenye kina kirefu ilikuwa makao ya meli za posta za serikali tangu mwishoni mwa karne ya 17 hadi 1850. Habari za ushindi wa manowari za Uingereza huko Trafalgar na kifo cha amiri wao Nelson zilishushwa hapo mwaka 1805, kisha Luteni Lapenotiere aliyezileta akakimbia London kwa gari la farasi, akibadilisha farasi mara 21 kwa muda wa saa 38 hivi. Katika mji huo wenye wageni wa kila bahari Emidy alianza kufundisha muziki, akamwoa Jenefer Hutchins mwaka 1802, akaongoza chama cha muziki cha mji, akatunga konseto na vipande vya okestra. Mwanafunzi wake mmoja, James Silk Buckingham, alipeleka kazi hizo London kwa Salomon, yule aliyemleta mtunzi Haydn Uingereza. Wanamuziki walizipiga na kuzisifu, kisha wengi wakaamua kwamba rangi ya mtunzi ingemzuia kufanikiwa jukwaani, wakamchangia fedha badala ya kumwalika. Emidy alihamia Truro, akafariki huko 1835, na amezikwa Kenwyn. Hakuna hata ukurasa mmoja wa muziki wake uliosalia. Waliokuwa na uwezo wa kumwalika jukwaani waliushika mikononi, wakamwacha.

Meli za posta ziliposimama, habari zilitafuta njia nyingine, na safari hii zilifika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1870 waya wa telegrafu uliokuwa umepangwa kutua Falmouth ulihamishiwa ghuba ndogo ya mchanga ya Porthcurno, kwa kuwa bandarini nanga za meli zingeukata. Waya huo ulifunikwa utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki usiopitisha maji, ukapita Lisbon, Gibraltar na Malta, ukaungana na mingine hadi Bombay. Kijiji cha nyumba chache kikawa kituo kikubwa kuliko vyote duniani cha telegrafu ya chini ya bahari. Mwaka 1879 kampuni dada ya ile ya Porthcurno ililaza waya kutoka Aden hadi Zanzibar, na kuendelea Msumbiji na Durban. Sultani Barghash aliwapa kisiwa cha Bawe, mkabala na Mji Mkongwe, kiwe kituo chao. Vijana waliofundishwa Porthcurno walitumwa vituo vya mbali kupokea alama za umeme usiku na mchana.

Jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko urahisi wa kutuma salamu. Kabla ya waya, balozi wa Uingereza Zanzibar alisubiri jibu la London kwa wiki nyingi na mara nyingi alilazimika kuamua peke yake au kuvuta subira. Agosti 1896, Sultani Hamad alipofariki na Khalid bin Barghash akaingia jumbani, balozi mdogo Basil Cave aliuliza kwa telegrafu kama ana ruhusa ya kutumia nguvu kumwondoa. Ruhusa ilirudi kwa njia hiyo hiyo. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Uingereza zikafyatua mizinga, na kasri la Beit al-Hukum likabomolewa kwa chini ya saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Anayesoma historia ya Zanzibar anapaswa kuijua Porthcurno, kwa maana dola ya Uingereza ilitawala kwa kasi ya waya kama ilivyotawala kwa mizinga. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, wachimbaji wa bati wa Cornwall waliitwa kuchimba mahandaki mlimani ili mitambo ya kituo isipigwe na mabomu. Kituo kilifungwa mwaka 1970, na mahandaki hayo sasa ni makumbusho.

Migodi ilifuata. Oktoba 1985 mpango wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya bati ulivunjika, bei ikaanguka, na tarehe 6 Machi 1998 South Crofty, mgodi wa mwisho wa bati, ukafungwa. Mwaka 2001 shimo la zamani la udongo mweupe wa kaolini karibu na St Austell liligeuzwa bustani ya Eden, yenye kuba kubwa zinazofuga msitu wa joto, migomba na mibuni ndani yake. Mwaka 2006 UNESCO iliitia mandhari ya migodi kwenye urithi wa dunia. Utalii umeleta ajira, nyingi zikiwa za msimu na za malipo madogo, na umepandisha bei ya nyumba kiasi kwamba mwaka 2016 wakazi wa St Ives walipiga kura kuzuia nyumba mpya zisiuzwe kwa watu wanaozitaka kwa likizo tu.

Sasa ardhi inaitwa tena. Mwaka 1864 mwanakemia aliyepima maji ya moto ya mgodi mmoja wa Gwennap alikuta humo lithi nyingi kupita kawaida, na wakati ule haikuwa na soko. Leo ni madini ya betri za magari na simu, na makampuni yanachoronga kuitafuta. South Crofty nao ulianza kutolewa maji mwaka 2023, maana bati ndilo linalounganisha vipande ndani ya kila kifaa cha elektroniki. Maji yanayopampwa husafishwa metali zake kabla ya kuachiliwa kwenye Mto Mwekundu, uliopewa jina hilo kwa sababu ya karne za uchafu wa migodi. Mjini Camborne na Redruth wapo wazee waliopanda zamu ya mwisho ya 1998, na wanachouliza mikutanoni ni mambo mawili: vijana wangapi wa hapa wataajiriwa, na mawe hayo yatayeyushiwa wapi.